UZI: Kaboni ya nano kwenye rangi za nje. Ipi inazuia jua la Nairobi, itiwe kiasi gani, na inaharibikia wapi

BiKemia

Wadau wa rangi, resini na mabati, salamu. Neno grafini, yaani kaboni ya vibamba vyembamba mno, limeanza kuonekana kwenye mikebe ya rangi, na maswali yanayoletwa humu ni yale yale: ni kitu cha kweli? Kinatiwa kiasi gani? Kwa nini rangi moja inakaa na nyingine yenye kaboni hiyo hiyo inatoa unga? Nafungua uzi huu tuyajibu kwa vipimo.

Tuanze na kinachoua rangi. Jua linalofika ardhini huanzia karibu nanomita 290. Kati ya 290 na 400 ndiko iliko miale ya urujuanimno, yenye nguvu ya kutosha kukata vifungo vya polima. Kifungo kikikatika, radikali huria (kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake) huzaliwa, inadaka oksijeni, inakuwa peroksi, inanyang'anya hidrojeni kwa mnyororo wa jirani na kuacha hidroperoksidi. Hidroperoksidi nayo huvunjika kwa joto au mwanga na kuzaa radikali mbili mpya. Ndiyo maana uharibifu huanza polepole kisha ukashika kasi. Maji hukamilisha kazi: huingia, hukata vifungo vya esta, na husomba vipande vilivyolegea. Mfuatano wa dalili ni mng'ao kupotea, rangi kupauka, unga mkononi, nyufa, halafu kutu.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Anga ikiwa sawa, paa la Embakasi linapigwa kuliko paa la Mombasa, ingawa la Mombasa lina chumvi ya kushindana nayo. Tuko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupitia utosini mwezi Machi na Septemba, na mvua za masika zinaanza Machi hiyo hiyo. Bati linachomeka saa saba mchana, saa kumi linamwagiwa maji baridi. Rangi iliyopita majaribio ya nchi za baridi isidhaniwe imeshafuzu hapa.

Kaboni inalinda, na ushahidi wake ni wa zamani. Tazameni bomba jeusi la maji la polietilini: kiwango cha ISO 4427 kinadai kaboni nyeusi asilimia 2 hadi 2.5 kwa uzito. Chembe zinazofanya kazi hiyo vizuri zina kipenyo cha nanomita 20 hivi. Hiyo ni kaboni ya nano, na inapatikana kwa bei ya kawaida. Msimamo wangu katika uzi huu: anza na kaboni nyeusi safi, isage sawasawa, ndipo uulize kama grafini ina cha kuongeza.

Polima254

Asante Bi. Niongeze kwenye utendaji wake, maana wengi hudhani kazi yote ni weusi.

Kazi ya kwanza kweli ni kumeza mwanga na kuugeuza joto. Kwenye utando wenye asilimia 3 ya kaboni nyeusi iliyotawanyika vizuri, urujuanimno huishia ndani ya mikroni chache za juu. Chini ya hapo resini haijui kama kuna jua. Kazi ya pili ni kudaka radikali: uso wa kaboni una elektroni nyingi zisizofungwa mahali pamoja, na makundi ya fenoli na kwinoni, kwa hiyo radikali hunasa hapo na mnyororo hukatika. Kazi ya tatu ni ya kaboni bapa tu, yaani vibamba vya grafini: oksijeni na maji hulazimika kuzunguka kila kibamba, njia inarefuka.

Nanotyubu, yaani mirija ya kaboni ya nano, zina tabia yake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianika epoksi yenye nanotyubu za kuta nyingi chini ya urujuanimno mkali. Epoksi ya juu iliharibika ikaondoka, nanotyubu zikabaki zimesukana kama mkeka juu ya uso, na mkeka huo ukapunguza kasi ya uharibifu uliofuata. Ni kinga ya kweli, lakini angalia gharama: safu ya kwanza ya resini imekwisha kwenda, na mng'ao umekwenda nayo. Kwa sakafu ya kiwanda au bomba haijalishi. Kwa gari au ishara ya biashara inajalisha sana.

Fulerini C60, mpira wa atomi 60 za kaboni, inadaka radikali vizuri mno, lakini ikipigwa na mwanga huzalisha oksijeni ya singleti, ambayo yenyewe ni adui wa polima. Sipendekezi kuitia kwenye koti ya juu.

FundiWaKariobangi

Bi Kemia na ndugu Polima, nimewapata. Sasa swali la mtaani. Masizi ya jiko na moshi wa dizeli ni kaboni. Unga mweusi wa matairi yaliyochomwa pia unauzwa, na makaa yanasagika. Kwa nini tununue ya viwandani?

MaabaraJuja

Fundi, swali zuri. Vyote vinne tuvitenge.

Masizi ya jiko na ya dizeli hubeba lami na hidrokaboni za pete nyingi. Hizo humeza mwanga na kuupitisha kwa oksijeni na resini, yaani zinachochea uharibifu tunaoupigania. Pia nyingi husababisha saratani, hivyo hata kuzishika kwa mkono mtupu usikubali.

Unga wa matairi una majivu mengi, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, ambayo ni oksidi ya zinki, silika na mabaki ya salfa. Chembe zake zimeshikamana kwa mabaki ya mpira uliopikika, na kinu hakizitenganishi hadi nanomita 20. Utafaa kwenye mkeka wa mpira au bidhaa nene ya plastiki isiyodai mengi. Koti ya mikroni 50 ni kitu kingine.

Makaa yaliyosagwa yana chembe za mikroni kadhaa. Kwa uzito ule ule, chembe kubwa zina eneo dogo la kukutana na mwanga, na katikati yake urujuanimno unapita bila kizuizi. Isitoshe, makaa yana potasiamu na chumvi nyingine zinazovuta maji, na malengelenge hufuata.

Hata ya viwandani ina masharti. Nanotyubu huoteshwa juu ya chuma, kobalti au nikeli. Metali hizo zikibaki huvunja hidroperoksidi na kuzaa radikali, kwa hiyo nanotyubu chafu huweza kuharakisha uchakavu. Omba cheti kinachoonyesha majivu na aina ya metali iliyobaki. Oksidi ya grafini iliyotengenezwa kwa pamanganeti hubeba manganizi isipooshwa vizuri, na juu ya hilo inapenda maji: ukiiweka bila kuipunguza oksijeni yake, utando unavimba wakati wa mvua.

RangiNaMabati

Naomba mapishi kamili ya koti ya juu nyeusi au kijivu kizito, ya poliyurethani ya mikebe miwili, kwa ajili ya matangi ya chuma na fremu za nje. Kilo 5 au 6 zinatosha kwa mfano. Na kila kipimo kielezwe kimetoka wapi, tuweze kukibadilisha.

BiKemia

Haya, RangiNaMabati. Resini ni akriliki yenye hidroksili, iliyoyeyushwa kwa yabisi (kinachobaki kiyeyusho kikikauka) asilimia 60, hidroksili asilimia 4.2 ya yabisi. Hadna, yaani kigumishi cha mkebe wa pili, ni ya alifatiki, trima ya HDI (isosianeti), yabisi asilimia 100, NCO (kundi la isosianeti linaloshikana na hidroksili) karibu asilimia 21.8. Hadna ya aromatiki usiiguse kwa kazi ya nje: inageuka njano na kutoa unga hata ukiitia kaboni.

Kwanza ute mzito wa kaboni, kilo 1:

- kaboni nyeusi ya nanomita 20, eneo la uso mita za mraba 115 kwa gramu: gramu 120
- kitawanyishi cha polima kubwa, yabisi asilimia 40: gramu 69
- resini ya akriliki: gramu 500
- butili asetati isiyo na maji: gramu 311

Kitawanyishi kimetoka wapi? Kanuni ya kuanzia ni kugawanya eneo la uso kwa 5. 115 kwa 5 ni 23, yaani yabisi ya kitawanyishi iwe asilimia 23 ya uzito wa kaboni. Asilimia 23 ya gramu 120 ni 27.6. Kikiwa na yabisi asilimia 40, gawanya kwa 0.40, unapata 69. Ukichukua kaboni ya weusi wa ndani sana yenye eneo la 250, kitawanyishi kinapanda hadi nusu ya uzito wa kaboni. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na hapa ndipo kazi huharibika.

Kausha kaboni kwenye oveni kwa nyuzi 110 saa 4, ukiwa umeitandaza isizidi sentimita 2. Uso wake hunyonya maji ya hewani, na maji hayo yatakula hadna na kutoa gesi. Changanya kitawanyishi, resini na kiyeyusho kwanza, kisha ongeza kaboni kidogo kidogo huku bamba la kichanganyio likizunguka. Ikishalowa yote, pandisha kasi hadi ukingo wa bamba uende mita 18 hadi 20 kwa sekunde, dakika 20. Hatua hiyo inalowesha tu, bado hujasaga.

Kusaga ni kwa kinu cha shanga za zirkonia za milimita 0.8 hadi 1.0, kasi ya ukingo mita 10 kwa sekunde, maji baridi kwenye koti la kinu ili joto lisipite nyuzi 50. Pima kwa geji ya usagaji kila nusu saa. Lengo ni chini ya mikroni 5. Ikifika, endelea mzunguko mmoja zaidi, kwa sababu geji inaona donge kubwa pekee, na urujuanimno unajali yale madogo usiyoyaona.

Kushusha ute, yaani kuupunguza kwa resini: kilo 1 ya ute, kilo 3.7 za resini, gramu 38 za HALS (kilinzi cha mwanga cha aina ya amini) ya kimiminika. Hadna ni kilo 1.26, inayotiwa wakati wa kupaka tu. Hesabu ya hadna: yabisi ya resini yote ni gramu 2,520, uzito wake kwa hidroksili moja ni 17 kugawanya 0.042, yaani 405; unapata sehemu 6.22. Hadna ni 42 kugawanya 0.218, yaani 193 kwa NCO moja. Gramu 1,260 ni sehemu 6.53. Uwiano ni 1.05. Kaboni inakuwa asilimia 3 ya yabisi yote. HALS ni asilimia 1 ya resini na hadna zikikauka.

Sijaweka kifyonza mwanga cha benzotriazoli. Kwenye utando mweusi kaboni inameza miale kabla kifyonza hakijaiona, ni pesa zilizopotea. HALS ibaki, kwa sababu mikroni chache za juu kabisa bado zinapigwa, na HALS inadaka radikali kisha inajizalisha upya.

Polima254

Mapishi mazuri. Niseme yanayoharibika kwenye kushusha, maana ute mzuri unaweza kufa hapo ndani ya dakika moja.

Ukimwaga ute wote ndani ya pipa la resini, kiyeyusho hukimbilia upande mmoja, kitawanyishi kinaachia uso wa kaboni, na chembe zinarudi kuwa madonge. Fanya kinyume: ute uwe kwenye chombo, koroga, mimina resini polepole. Theluthi ya kwanza ya resini ichukue dakika 10 nzima.

Jaribio la kugundua madonge yaliyorudi ni rahisi. Changanya sehemu 1 ya rangi nyeusi na 20 za nyeupe ya resini hiyo hiyo, paka kwenye kadi, subiri ianze kushika, kisha sugua mahali pamoja kwa kidole. Palipo suguliwa pakiwa peusi kuliko pembeni, kaboni imegandana. Ongeza kitawanyishi asilimia 10 ya kile ulichotia, rudisha kinuni, pima tena. Kukoroga zaidi bila kuongeza kitawanyishi hakusaidii.

Jambo la pili: HALS na kaboni yenye uso wa asidi hazipatani. Kaboni iliyooksidishwa ili itawanyike kwa urahisi ina makundi ya kaboksili ambayo hukamata HALS za amini. Muulize muuzaji pH ya kaboni. Ikiwa chini ya 4, chagua HALS isiyo na ubesi mkali au badilisha kaboni.

FundiWaKariobangi

Wengi wetu hatuna kinu cha shanga. Drili na kijiti cha kukorogea haviwezi?

BiKemia

Haviwezi kusaga, Fundi. Drili inafaa kuchanganya ute uliokwisha sagwa. Kwa hiyo nunua ute tayari, lakini soma umetengenezwa kwa mfumo upi. Ile mirija ya rangi za kutia kwenye emulsheni na rangi ya mafuta, inayouzwa kila hadiwea, hubeba glikoli. Glikoli ina hidroksili zinazokula hadna yako. Utando unabaki laini, na ndani ya miezi unapauka kana kwamba hakukuwa na kaboni. Agiza ute wa mfumo wa poliyurethani, usio na maji wala alkoholi.

Njia ya kati ni mashine ya kutikisa mikebe. Weka ute nusu mkebe, shanga za kioo za milimita 2 kwa uzito sawa na ute, tikisa saa 3 hadi 4 ukipumzisha upoe, chuja kwa nailoni. Itakufikisha mikroni 7 hadi 10 kwa kaboni rahisi. Kwa nanotyubu haitoshi.

RangiNaMabati

Na grafini sasa? Ukisema ije baadaye, itiwe wapi na kiasi gani?

MaabaraJuja

Kwa koti ya juu ya mapishi yale, vibamba vya grafini asilimia 0.2 ya yabisi, yaani gramu 8 tu. Tengeneza ute wake peke yake: gramu 8 ndani ya gramu 200 za resini na kiyeyusho, pamoja na kitawanyishi. Ukiwa na honi ya mawimbi ya sauti ya kilohezi 20, fanya sekunde 5 iwashwe, 5 izimwe, jumla ya dakika 30, chombo kikiwa ndani ya barafu, joto lisipite nyuzi 40. Butili asetati inashika moto, kwa hiyo fanya ndani ya kabati ya kuvuta hewa na pasiwe na cheche karibu. Ukipitisha muda unavunja vibamba na unapoteza ile faida ya njia ndefu.

Kwa nanotyubu, asilimia 0.1 hadi 0.3. Unene wa rangi unapanda ghafla, na mtu hukimbilia thina kuupunguza. Thina nyingi inaacha utando mwembamba, na kinga inaondoka. Afadhali upunguze nanotyubu.

Sasa jambo ambalo naomba kila mtu alishike. Usiweke grafini wala nanotyubu kwenye praima inayogusa chuma, na hasa bati la zinki au aluminiamu-zinki, ukapitisha kiwango ambacho chembe zinaanza kugusana. Kaboni inapitisha umeme, na katika safu ya metali iko upande bora (usiolika) kuliko chuma, zinki na aluminiamu. Utando ukikwaruzwa na maji yakaingia, kaboni inakuwa kathodi kubwa na chuma kilicho wazi kinakuwa anodi ndogo. Kutu inachimba kwa kasi kuliko ambayo ingekuwapo bila grafini. Kwa nanotyubu, kugusana huanza mara nyingi chini ya asilimia 1. Kaboni ikae koti ya juu. Katikati pawe na praima ya epoksi isiyopitisha umeme, mikroni 60 hadi 75.

Ipo aina ya praima ya zinki yenye grafini inayofanya kazi vizuri, kwa sababu hapo umeme unatakiwa upite kati ya chembe za zinki na chuma ili zinki ijitoe mhanga. Huo ni mfumo uliosanifiwa hivyo tangu mwanzo, na uwiano wake haukisiwi kwa kijiko.

BiKemia

Naunga mkono MaabaraJuja, na nimalizie upande wa kupaka, kwa kuwa rangi bora hufa mkononi mwa mpakaji.

Bati jipya la zinki lina mafuta ya kiwandani. Lioshe kwa sabuni ya alkali na maji, lisugue kwa msasa laini, kisha praima ya epoksi. Rangi ya mafuta ya alkidi moja kwa moja juu ya zinki inatengeneza sabuni ya zinki chini ya utando na yote inabanduka kama ngozi. Hilo halihusiani na kaboni, lakini lawama hutupiwa kaboni.

Unene wa koti ya juu ikikauka uwe mikroni 50 hadi 60, kwa makoti mawili. Rangi hii ina yabisi karibu asilimia 60 kwa ujazo. Ukitaka 50 kavu, gawanya kwa 0.60, unapata 83 mbichi. Ukitia thina asilimia 10 zidisha kwa 1.1, ni 92 mbichi, yaani 46 mbichi kila koti. Tumia kitana cha kupimia unene. Kwenye kona na vichwa vya skrubu rangi hukimbia, kwa hiyo vipitie kwa brashi kabla ya kupuliza.

Saa za kazi Nairobi: Juni hadi Agosti asubuhi bati lina umande hata usipouona. Joto la bati liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi, vinginevyo hadna itakutana na maji na kutoa vijipovu vya gesi ya kaboni dioksidi. Januari na Februari ugomvi ni mwingine: saa sita bati ni moto, uso unakauka kabla kiyeyusho cha chini hakijatoka, na vitundu vya sindano vinabaki. Maji na oksijeni hupita kwenye vitundu hivyo kama vile hukupaka. Anza saa tatu asubuhi, maliza kabla ya saa tano, au endelea saa tisa jua likipungua. Koti ya jioni isipigwe na mvua kwa saa 6 za kwanza.

Mwanagenzi_Chiromo

Shikamooni walimu. Nataka kulinganisha sampuli tano: bila kaboni, kaboni nyeusi 1, 3 na 5, na kaboni 3 pamoja na grafini 0.2. Nina taa ya kuua vijidudu ya nanomita 254. Inatosha kuanzia?

MaabaraJuja

Marahaba. Taa hiyo iache kabisa. Nanomita 254 haipo kwenye jua linalotufikia. Itakata vifungo ambavyo jua haliwezi kukata, na inaweza kukupangia sampuli kinyume cha zitakavyojipanga nje. Hata taa ya UVB-313 ina sehemu iliyo chini ya 295, kwa hiyo inaonea resini fulani. Ya kutumia ni UVA-340, inayofuata jua vizuri kutoka 295 hadi karibu 365. Mzunguko unaojulikana wa kiwango cha ASTM G154: saa 8 za mwanga, wati 0.89 kwa mita ya mraba kwa nanomita kwenye 340, bamba jeusi nyuzi 60. Kisha saa 4 za mvuke bila mwanga, nyuzi 50. Ukitaka wigo mzima wa jua, ni taa ya ksenoni.

Wakati huo huo weka fremu juani. Hapa kwetu usiige mwinamo wa digrii 45 unaotumika nchi za mbali na ikweta. Digrii 5 zinatosha: sampuli inaona jua la utosini na maji yanatiririka. Ielekeze kaskazini. Weka sampuli tatu za kila aina, na moja kabatini gizani kwa kulinganisha. Zigeuze nafasi kila mwezi, maana za ukingoni hupoa kuliko za katikati.

Pima mng'ao kwa digrii 60 kabla ya kuanza, kisha kila mwezi, baada ya kuosha nusu moja ya sampuli na kuacha nusu nyingine na vumbi lake. Unga pima kwa utepe wa kunata kwa mujibu wa ISO 4628-6, ukibandike kwenye karatasi nyeupe kwa sababu unga wa rangi hii ni mweusi. Mshiko, ISO 2409, kwa kisu cha mistari.

Ukienda kwenye infraredi, kuna mtego. Poliyurethani ya akriliki ina kaboneli nyingi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kilele cha 1720 hakikwambii mengi. Fuatilia kupungua kwa kilele cha amaidi karibu 1520 ukilinganisha na vilele vya hidrojeni-kaboni vya karibu 2900. Na kaboni ikiwa asilimia 3 na zaidi, kioo cha kupimia cha almasi kinakupa mstari uliopinda; tumia cha gerimani (elementi ya germanium).

Tarajio langu: kati ya kaboni 1 na 3 utaona tofauti kubwa, kati ya 3 na 5 ndogo mno, labda mng'ao wa kuanzia utashuka kwa kuwa kitawanyishi hakijatosha. Grafini itaonekana zaidi kwenye jaribio la maji kuliko la mwanga.

Polima254

Na rekodi joto. Bamba jeusi juani hupita nyuzi 60 kirahisi, na oksidisho linaongezeka na joto. Sampuli isiyo na kaboni itakuwa baridi zaidi, kwa hiyo unalinganisha vitu viwili kwa mpigo. Bandika kipimajoto nyuma ya kila bamba.

BiKemia

Usalama, kabla watu hawajaenda kununua. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeweka kaboni nyeusi kundi la 2B (huenda husababisha saratani), na aina moja ya nanotyubu ngumu, MWCNT-7, kundi hilo hilo. NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, inapendekeza nanotyubu hewani zisipite mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni ndogo kiasi kwamba jicho halitaona kitu. Barakoa ya kitambaa haifai. Vaa ya P100 au FFP3 inayobana uso. Fungua mfuko ndani ya kabati, lowesha unga mapema, na usifagie: panguza kwa kitambaa chenye maji. Wakati wa kupuliza, hatari kubwa zaidi ni isosianeti ya hadna, na hiyo inataka hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kusugua kwa msasa koti ya zamani yenye nanotyubu kufanyike kwa maji. Zile zilizobaki juu ya uso kama alivyoeleza Polima ndizo zitakazoruka kwanza.

RangiNaMabati

Mwenye nyumba akitaka paa jeupe la kupoza chumba?

BiKemia

Kaboni isiingie. Hata asilimia 0.05 inaleta kijivu na kunyonya joto. Tumia titani dioksidi ya rutili iliyofunikwa kwa alumina na silika, pamoja na HALS. Anatasi usiguse, inachochea uharibifu chini ya jua. Vanishi ya mbao inayoonyesha mishipa vile vile: kifyonza cha triazini na HALS. Nukta za kaboni (chembe ndogo mno za kaboni) zinameza urujuanimno na kuacha mwanga wa kawaida upite, zinavutia, ila bado ni kazi ya maabara.

FundiWaKariobangi

La mwisho, Bi. Mageti mengi hapa ni rangi ya mafuta, si poliyurethani. Nikitia ute wa kaboni kwenye alkidi nyeusi, siku ya kwanza inakauka vizuri. Mkebe ukikaa miezi miwili, inabaki ikinata siku mbili.

BiKemia

Kaboni imenyonya kikaushi cha kobalti, Fundi. Eneo la uso ni kubwa, na kobalti inaganda hapo taratibu ndani ya mkebe. Tia kikaushi cha kalsiamu au zirkoni wakati wa kusaga, kikalie uso wa kaboni kwanza, kisha kobalti iongezwe mwisho kwenye kushusha. Kalsiamu iwe karibu asilimia 0.2 ya yabisi ya resini kama metali, kobalti 0.05. Mkebe ambao umeshalala, ongeza kobalti kidogo, koroga, acha usiku mmoja, paka kwenye kioo na upime muda kabla ya kuupeleka getini. Usizidishe: kobalti ikipita kiasi uso unakunjamana, na kobalti hiyo hiyo inavunja hidroperoksidi juani, alkidi inapasuka mapema.